Uzito Umekaa Wapi?

Leo nimekuja na fizikia, lakini usinyooshe mkono kuzima redio, kwa sababu sikuichukua ubaoni. Nimeichukua kwenye njia ya vumbi inayotoka kilima cha Tendaguru hadi mji wa Lindi, mwendo wa kilomita 60 hivi.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 njia hiyo ilijaa wapagazi. Walibeba mifupa iliyogeuka mawe, mifupa ya dinosaria, wakaifikisha bandarini Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Zaidi ya tani 200 zilitoka kwa vichwa na mabega ya watu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907 tu, nchi ya kusini ilikuwa bado haijapumua. Kwa upande wa Wajerumani kazi iliongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 jina lake liliingizwa katika jina la kisayansi la mmoja wa dinosaria wa Tendaguru, Australodocus bohetii. Ni heshima, ingawa ilichelewa kwa karibu miaka 100.

Sasa fikiria mzigo wenyewe. Yule dinosaria mkubwa anayesimama leo katika jumba la makumbusho la Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, mfupa wake wa mkono wa juu peke yake, kutoka begani hadi kiwikoni, una urefu wa mita 2 na ushei. Huo ni mfupa uliokuwa jiwe. Vipande vidogo vilikwenda kichwani kwa mtu mmoja mmoja. Vilivyozidi nguvu za kichwa kimoja vilifungwa kwenye mti, watu wakaingia chini ya mti, huyu mbele na huyu nyuma, wakaunyanyua mabegani. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Chukua watu wawili, mti wa mita 2 kati ya bega na bega, na mzigo wa kilo 60 unaoning'inia kwa kamba. Uzito unavuta kwenda chini. Mabega mawili yanasukuma kwenda juu. Mistari ya kani hizi tatu yote imesimama wima, haikutani popote hata ukiirefusha mpaka mbinguni. Hizo ndizo kani sambamba. Jambo la kwanza kuhusu kani sambamba kila mpagazi analijua: mabega mawili yakijumlishwa lazima yatoe kilo 60, kama mzigo unataka kubaki hewani. Hakuna hila ya kulipunguza hilo. Ukiona wawili wanabeba kilo 60 na kila mmoja anakuambia amebeba 20, kuna anayekudanganya, na huenda ni wote wawili.

Lakini nani anabeba ngapi? Kamba ikiwa katikati kabisa, kila bega lina 30. Isogeze kamba mbele mpaka iwe nusu mita tu kutoka kwa mtu wa mbele. Mzigo haujaongezeka hata chembe, mti ni uleule, watu ni walewale. Hata hivyo wa mbele sasa amebeba kilo 45, na wa nyuma anatembea na kilo 15 huku akipiga soga. Mgawanyo umefuata umbali, na umeufuata kinyume: aliye karibu na mzigo mara tatu amebeba mara tatu. Kwa hiyo mzee aliyekuwa akifunga kamba pale Tendaguru alikuwa na mamlaka makubwa kuliko alivyoonekana. Kwa kusogeza fundo tu aliweza kumpumzisha mtu au kumkomoa.

Kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu kupanda mlima. Watu husema wa nyuma ndiye anayeumia. Jibu ni kwamba inategemea mzigo umekaa juu ya mabega au unaning'inia chini yake. Kama unaning'inia kwa kamba moja iliyofungwa ikakaza mahali pake, mti ukiinama mgawanyo haubadiliki, kwa sababu umbali wa mlalo wa pande zote mbili unapungua kwa uwiano uleule. Kama fundo limelegea, kamba inateleza kuteremka kwenye mti na kumfuata wa nyuma, na hapo malalamiko yake ni ya haki. Na kama mzigo umekaa juu ya miti, kama jeneza linavyokaa mabegani au kabati linavyopandishwa ngazi, basi njia ikipanda uzito wake unaelemea upande wa chini, na aliye chini anabeba zaidi hata kama kila kitu kimefungwa barabara. Waliowahi kusindikiza maiti kwenye makaburi ya mlimani wanajua kwa nini vijana wenye miili huitwa kushika nyuma.

Mtu mmoja anaweza kuwa mabega yote mawili. Mzegazega unajulikana pwani yote: mti begani, dumu huku, dumu kule. Dumu moja likiwa na lita 20 na jingine lita 10, na mti una urefu wa sentimita 150, bega haliwezi kukaa katikati. Litasogea lenyewe hadi sentimita 50 kutoka kwa dumu zito na sentimita 100 kutoka kwa dumu jepesi. Zidisha: 20 mara 50 ni 1,000, na 10 mara 100 ni 1,000. Mbeba maji hajafanya hesabu hiyo, bega lake ndilo limeifanya. Zao hilo la kani na umbali ndilo wanafizikia wanaloliita momenti, na bega ndilo egemeo. Momenti ya upande huu ikilingana na ya upande ule, mti unatulia. Zikipishana, mti unazunguka na maji yanamwagika.

Kuna sharti moja ambalo wanafunzi wa kidato cha pili hulipoteza kwenye mtihani. Umbali unaohesabiwa si umbali wowote. Ni ule unaotoka kwenye egemeo na kukutana na mstari wa kani kwa pembe mraba. Baharia anayeshika kana ya usukani analifahamu hili kwa kiganja chake. Akiisukuma kana kwa ubavu, usukani unageuka. Akiivuta kana kuelekea kifuani kwake, kwa kuifuata urefu wake, anaweza kuvuta mpaka jasho limtoke na chombo kisigeuke hata kidogo. Nguvu ipo, umbali wa pembe mraba ni sufuri, momenti ni sufuri.

Elimu hii ina historia ndefu, na pwani yetu ilikuwa ndani yake kwa upande wa biashara. Archimedes aliandika juu ya wenzo karne ya tatu kabla ya Masihi. Baghdad, katika karne ya tisa, Thabit ibn Qurra alitunga kitabu kizima juu ya mizani yenye mkono mmoja mfupi na mmoja mrefu, ile ambayo jiwe dogo likitelezeshwa mbali linapima gunia zito. Mwaka 1121 al-Khazini, aliyeishi Marw huko Khurasan, aliandika kitabu alichokiita Mizani ya Hekima, na ndani yake alieleza mizani ya maji yenye ufundi kiasi cha kutambua dhahabu iliyochanganywa. Hayo hayakuwa mambo ya mbali na Kilwa. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa kwenda Arabuni na Bara Hindi, na Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji huu umesimama kwa utajiri huo. Dhahabu ilihesabiwa kwa mithkali, na mithkali moja ni gramu 4 na robo hivi. Kwa bidhaa ya namna hiyo, mkono wa mizani uliozidi kwa unene wa kucha unatosha kumjengea mtu nyumba ya mawe.

Tuteremke kutoka dhahabu hadi ufuta, zao ambalo mkoa wa Lindi unalijua vizuri kuliko mithkali. Tuseme mizani ina sahani mbili na mikono miwili, mmoja wa sentimita 50 na mwingine wa sentimita 49. Kwa macho huwezi kuona tofauti. Mnunuzi anaweka mawe ya kilo 100 upande wa mkono mrefu na ufuta wako upande wa mkono mfupi. Mizani inatulia, mshale uko katikati, kila mtu ameridhika, na wewe umetoa kilo 102. Momenti zimelingana, uzito haujalingana. Mizani haijui uzito, inajua momenti tu, na ni sisi tunaoiamini kwamba mikono yake ni sawa. Dawa yake ni nyepesi na haihitaji fundi. Badilisha pande, mawe yaje huku na ufuta uende kule. Mizani ya haki itatulia tena. Ya dhuluma itaelemea upande mmoja mbele ya mashahidi. Wakala wa Vipimo wanakagua na kubandika alama zao, na siku hizi mizani nyingi za ghalani ni za umeme, lakini jaribio hili la kubadilisha sahani ningependa kila mtoto wa mkulima alijue. Kurani ina sura nzima, al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Fizikia inatuonyesha tu mahali pa kutazama.

Hata mizani ya barabarani inafuata mambo hayohayo. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori kubwa kabisa kufika tani 56, lakini kuna kikomo pia kwa kila ekseli, na dereva mwenye jumla halali anaweza kutozwa faini kwa sababu vibarua walirundika magunia nyuma. Rundika zaidi, mpaka uzito uvuke ekseli ya nyuma, na magurudumu ya mbele yataanza kuwa mepesi mpaka usukani usiwe na kazi. Ni wapagazi wawili na mti wao tena, safari hii wana matairi.

Mpaka hapa tumezungumzia kani ambazo zina mahali pa kuegemea. Sasa niingie kwenye kile ninachokitaka zaidi leo, kitu ambacho shuleni hupitiwa mbio mwishoni mwa mada, mara nyingi kengele imeshapigwa, ilhali kwa mtu wa pwani ndicho kilichopaswa kuwa cha kwanza. Nacho ni jozi: kani mbili sambamba, zilizo sawa kwa ukubwa, zinazoelekea pande zilizo kinyume, na zilizoachana kwa nafasi.

Ukizijumlisha unapata sufuri. Kani hizo haziwezi kukisukuma kitu kwenda mbele wala nyuma. Kazi yao ni moja tu, kuzungusha. Mtazame utingo wa basi la Dar es Salaam kwenda Lindi, tairi limepasuka mbele kidogo ya Somanga, jua la saa saba, abiria wamekimbilia kivuli cha mkorosho. Ana spana ya tairi yenye umbo la msalaba. Mkono wa kulia unakandamiza chini, wa kushoto unanyanyua juu, kila mmoja kwa nyutoni 200, na kati ya mikono kuna sentimita 40. Nati inapata momenti ya nyutoni-mita 80, na haipati kitu kingine. Haisukumwi chini, haivutwi juu. Mwenzake mwenye spana ya mkono mmoja wenye urefu wa sentimita 40 hizohizo, akikandamiza kwa nyutoni 200, anapata momenti ileile 80. Lakini juu ya hiyo anaisukuma nati yenyewe kwenda chini kwa nyutoni 200 ambazo hakuzikusudia. Ndiyo maana spana yake huteleza na kuchubua kona za nati, naye akaangukia vifundo vya vidole.

Tazama vizuri kilichotokea hapo. Kani moja iliyo mbali na nati ni sawa na kani ileile ikiwa imewekwa juu ya nati, ukiongeza na jozi. Aliyelipanga jambo hili likawa elimu kamili ni Mfaransa Louis Poinsot, kijana wa miaka 26, katika kitabu chake cha mwaka 1803. Tangu hapo wahandisi wanafuata kanuni yake: ukitaka kuhamisha kani kutoka mahali hadi mahali pengine, unaweza, lakini utalipa jozi. Uzito uleule, ukihama tu, umezaa mzunguko ambao haukuwapo.

Jozi ina tabia nyingine ya ajabu. Momenti ya kawaida inategemea umepima kutoka wapi. Jozi haijali. Simama mita 1 kando ya spana ya msalaba, upime kutoka hapo: mkono wa mbali una nyutoni 200 mara mita 1 na sentimita 40, yaani 280, mkono wa karibu una 200 mara mita 1, yaani 200, kwa kinyume. Tofauti ni 80. Nenda ukapimie Nangurukuru, bado ni 80. Na kwa kuwa jumla ya kani zake ni sufuri, huwezi kuizima jozi kwa kani moja, hata uwe na nguvu za tembo. Kani moja itakisukuma kitu kando. Jozi huzimwa na jozi mwenzake, basi.

Sasa twende majini. Upepo wa kusi umetulia vizuri, ngalawa imetoka Kilwa Masoko, tanga limejaa. Upepo unalisukuma tanga kwa ubavu. Kwa nini ngalawa haiendi na upepo moja kwa moja ubavu-ubavu kama jani? Kwa sababu maji yanakataa. Ubavu wa mtumbwi uliozama unasukumwa na maji kwa kani iliyo sawa na ile ya upepo, kuelekea kinyume. Kani mbili, sambamba, sawa, kinyume, moja ipo juu kwenye tanga na nyingine ipo chini ya maji. Umeshaitambua. Hiyo ni jozi, na kazi yake ni kukilaza chombo upande wa demani, upepo unakokwenda. Tuseme tanga linapata nyutoni 300, na kutoka katikati ya tanga hadi pale maji yanapokinza ni mita 2. Jozi ni ya nyutoni-mita 600, na haitazimwa na mtu anayesukuma boti kwa pondo wala kwa kuvuta kamba kutoka ufukweni. Inatakiwa jozi ya pili.

Ngalawa ina njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni mirengu, ile miti inayotoka kulia na kushoto, na matengo yaliyofungwa kwenye ncha zake. Chombo kikianza kulala, matengo ya upande wa demani yanaingia majini, na maji yanayanyanyua kwenda juu. Uzito wa chombo unavuta chini katikati. Kani sambamba tena, juu na chini, na nafasi kati yake ni urefu wa mrengu. Kwa sababu nafasi hiyo ni kubwa, maji hayahitaji kunyanyua sana. Mbao mbili nyembamba zinafanya kazi ya mtumbwi wa upana mara tatu, na mchongaji amebaki na gogo moja jembamba linalokata maji vizuri. Wataalamu wengi wamekihusisha chombo hiki na mabaharia wa Indonesia waliovuka Bahari ya Hindi zamani. Sina ugomvi nao. Ila waliokifanya kiwe cha huku, kwa miti ya huku na mawimbi ya huku, ni mafundi wa Pemba, Mafia, Kilwa na Lindi.

Njia ya pili ni mtu. Upepo ukizidi, baharia mmoja anatoka ndani ya mtumbwi na kwenda kukaa juu ya mrengu upande wa goshi, upepo unakotoka. Wageni hudhani anaonyesha umahiri au anatafuta ubaridi. Ana kilo 60, dunia inamvuta kwa nyutoni 600 hivi. Amehama mita 1 kutoka katikati. Kumbuka hesabu ya Poinsot: uzito uliohama umezaa jozi, 600 mara mita 1, nyutoni-mita 600. Upepo umelipwa haki yake mpaka senti ya mwisho. Upepo ukipungua anarudi ndani nusu mita, ukiongezeka anatoka zaidi. Mwili wake ndio lile jiwe la Thabit ibn Qurra linalotelezeshwa kwenye mkono wa mizani. Na kwa kuwa upepo haukai kiwango kimoja hata kwa dakika, baharia huyo hafanyi hesabu yake mara moja akaketi. Anaifanya upya kila pumzi ya upepo, kwa makalio.

Mashua na jahazi hazina mirengu. Hizo hutegemea umbo la tumbo na farumi, ule uzito unaowekwa chini kukituliza chombo. Chombo cha namna hii kikilala, sehemu iliyozama inahamia upande wa chini, na kani ya maji inayonyanyua inahamia huko pamoja nayo. Uzito unaendelea kuvuta kupitia kitovu chake cha uzito. Mistari miwili iliyokuwa mmoja sasa imeachana, na nafasi kati yake ndiyo inayokisimamisha chombo tena. Weka mawe chini kwenye ngama, kitovu cha uzito kinashuka, nafasi ile inaongezeka. Rundika shehena juu, kitovu kinapanda, nafasi inapungua, na ukipitiliza mistari inapishana: jozi iliyokuwa inasimamisha inageuka kuwa inayopindua. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko. Boriti ni mti mzito. Nahodha wa shehena kama hiyo anafikiria mpangilio wake kuanzia mti wa kwanza unaoshuka ngamani, kwa kuwa ukishakuwa chini ya mamia ya wenzake hutautoa tena kirahisi.

Shehena ya mbao ina adabu, hukaa ilipowekwa. Shehena ya watu haina. Pale mashua inapokaribia kutua Kilwa Kisiwani, utawaona abiria wanasimama kabla haijagusa mchanga, kila mtu anataka kuwa wa kwanza kushuka, mwingine anataka picha ya ngome ya Gereza. Nahodha anapiga kelele: "Jamani kaeni! Mama, kaa chini na mtoto! Mzee wangu, nakuomba rudi upande ule!" Watu humwona mkali. Hesabu yake ni hii: watu 10 wa kilo 60 wakihama mita 1 kwenda upande mmoja, wamezaa nyutoni-mita 6,000. Ni mara 10 ya upepo tuliouzungumzia kwenye ngalawa, umeingia kwa sekunde mbili, bila wingu wala onyo. Na kwa kusimama tu, kabla hata ya kupiga hatua, wamekwisha kupandisha kitovu cha uzito na kudhoofisha jozi iliyokuwa inawalinda. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, Ziwa Viktoria, kikiwa na abiria zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Waliokufa walizidi 220. Maji yalikuwa ya ziwa, nchi kavu inaonekana.

Kivuko kile kilibaki kimeelea tumbo juu kwa siku kadhaa, na mhandisi wake alitolewa hai kutoka ndani baada ya siku mbili. Hilo nalo lina fizikia yake, na linanirudisha kwenye udhaifu wa ngalawa ambao wanaoisifu sana hawausemi. Mirengu inatoa jozi kubwa mapema, pembe ikiwa ndogo, lakini ina mwisho. Matengo ya demani yakishazama yote, maji hayana cha kuongeza. Yale ya goshini yameshatoka majini. Chombo kikiendelea kulala, nafasi kati ya kani ya maji na uzito inaanza kupungua badala ya kukua, hadi sufuri, kisha kinyume. Ngalawa ikishageuka kichwa chini, matengo yaleyale huishikilia hivyo hivyo kwa uaminifu uleule, na kuigeuza tena ni kazi ya watu na muda. Jahazi lenye farumi nzuri huanza kulala mapema na kwa urahisi zaidi, jambo linalowatisha abiria, lakini linaendelea kupigana hadi pembe kubwa. Ukiniuliza ni kipi bora nitakuuliza unakwenda wapi. Kwa uvuvi wa ndani ya mwamba, ngalawa. Kuvuka hadi Mafia wakati wa kusi kali, nipe farumi.

Kwa hiyo mvuvi wa ngalawa hangoji matengo yazame. Anayaangalia yale ya demani, na yakianza kufunikwa na maji kwa muda mrefu kuliko kawaida, hamtumi mwenzake atoke nje zaidi. Analegeza demani, ile kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga. Tanga linapepea, halishiki upepo tena, kani ya juu inakufa. Ile ya chini, ya maji, haikuguswa na mtu yeyote, wala hakuna aliyeifungua kamba yake, lakini nayo inakufa papo hapo, kwa sababu maji hayasukumi ubavu ambao hausukumwi.